Ujumbe wa kumbukumbu kila asubuhi: Mwalimu, usinunue RAM nyingine

Swali limetoka kwa mwalimu mstaafu mwenye steshenari Ngamiani, Tanga: "Mwanangu, nina kompyuta ya mezani yenye Windows 10, niliinunua ikiwa imeshatumika. Tangu baada ya Idi, nilipompa mdogo wangu printa ya zamani nikaleta mpya, kila nikiiwasha asubuhi kinatokea kidirisha kinachosema kwamba maagizo ya kwenye anwani fulani yamegusa kumbukumbu ya kwenye anwani nyingine, na kumbukumbu hiyo haikusomeka. Nikibonyeza OK kinaondoka, kisha kinarudi tena mara moja tu. Baada ya hapo nachapa na kuprinti mpaka jioni bila shida. Fundi wa kwanza alisema RAM, kile kipande cha kumbukumbu ya kompyuta, imekufa, nikanunua nyingine ya GB 4, ujumbe ukabaki palepale. Fundi wa pili anataka kupiga Windows upya. Humo ndani mna kazi za watu za miaka sita. Nakutumia picha tatu. Nifanye nini?"

Shikamoo Mwalimu.

Kwanza kabisa, huyo fundi wa pili asiiguse kompyuta mpaka umalize kusoma hapa. Simsemi vibaya. Akipiga Windows upya, ujumbe huo huenda ukaondoka kweli, na yeye ataamini amekutibia. Lakini atakuwa amebomoa nyumba nzima ili kumtoa panya mmoja, na kazi zako za miaka sita zinaweza kwenda na kifusi. Na wewe siku utakayoirudisha CD ya printa ya zamani, panya atarudi.

Nimetaja printa kwa sababu picha zako zimenieleza mengi kuliko ulivyodhani. Picha ya kwanza uliipiga Jumatatu, ya pili Alhamisi, na zinafanana kama shilingi kwa ya pili. Tazama utepe wa juu wa kidirisha, pale kwenye maandishi madogo ambayo watu wengi huyaruka. Pameandikwa jina la faili linaloishia na exe. Hilo ndilo jina la programu iliyoanguka, na siku zote mbili ni ileile: ile programu ndogo inayokaa pembeni kuangalia wino na karatasi za printa. Kisha soma anwani ya pili, ile ambayo kumbukumbu yake haikusomeka. Siku zote mbili imeandikwa 0x00000000. Sifuri nane.

Hizo sifuri nane zingetosha kukuokolea pesa ya RAM.

Niruhusu nieleze, maana neno kumbukumbu ndilo lililompotosha fundi wa kwanza. Kila programu inapofunguliwa, Windows huipa mtaa wake wa anwani, kama hapo kwenu Ngamiani kulivyo na barabara za namba. Programu ikitaka kuweka kitu au kukichukua, inataja anwani, na Windows ndiyo inayojua anwani hiyo kwa saa hiyo iko wapi hasa, ndani ya RAM au kwenye diski. Kwa hiyo namba unayoiona kwenye kidirisha haionyeshi sehemu fulani ya kile kipande cha RAM ulichonunua. Ni anwani ya mtaa wa programu ile tu. Programu mbili zinaweza kutaja anwani ileile, na kila moja ikafika kwenye nyumba yake.

Sasa, mwanzoni mwa kila mtaa, Windows huacha makusudi kiwanja kitupu cha KB 64 kuanzia sifuri. Hapajengwi kitu hapo, na programu yoyote ikigonga huzuiwa mara moja. Pameachwa wazi ili makosa ya waandishi wa programu yakamatwe mapema. Mwandishi anapoiambia programu "nenda kachukue habari za printa", halafu printa yenyewe haipo, programu hubaki na anwani tupu mkononi, yaani sifuri. Inakwenda kugonga kiwanja kitupu. Windows inaifunga na kukuletea kile kidirisha. RAM inaweza kuwa nzima kama jiwe la matumbawe, na bado ujumbe ukaja, kwa sababu aliyekosea ni mpelekaji barua, yaani programu.

Nawe mwenyewe katika barua yako umegusia, kwa mstari mmoja tu, kwamba baada ya Idi ulimpa mdogo wako printa ya zamani ukaleta mpya. Printa iliondoka, programu yake ikabaki. Kila asubuhi inaamka pamoja na Windows, inaitafuta printa ambayo siku hizi iko kwa mdogo wako, haiipati, inaanguka. Inajaribu mara ya pili, inaanguka tena, kisha inakata tamaa na wewe unaendelea na kazi mpaka jioni.

Hapo kwenye "mpaka jioni" ndipo pa kupaangalia sana. RAM mbovu haina ratiba. Haiwezi kukosea saa mbili asubuhi kila siku, kwa programu ileile, kwa anwani ileile, halafu ikawa na adabu siku nzima wakati wewe unafungua picha za paspoti na majarida ya kurasa mia.

Nikueleze RAM mbovu inavyokuwa, ili siku ukikutana nayo uitambue. Niliwahi kuletewa kompyuta kutoka nyumba moja ya Raskazone. Meza yake ilikuwa chini ya dirisha linalotazama bahari, na dirisha lilikuwa halifungwi. Mwenyewe alilalamika kwamba leo kivinjari kinajifunga, kesho faili la Word linagoma kufunguka, keshokutwa kioo kizima kinakuwa cha buluu na maandishi MEMORY_MANAGEMENT. Kila mara jina jingine, kila mara anwani nyingine. Mwishowe ikawa ukiiwasha inalia pi, pi, pi, na kioo hakionyeshi kitu. Nilipoichomoa RAM nikaisogeza kwenye taa, vile vijino vya rangi ya dhahabu kwenye ukingo wake, vinavyogusana na madabodi, ule ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, vilikuwa vimeshika utando. Vitatu vya katikati vilikuwa na madoa meusi yenye kijani kwa mbali, kama sarafu iliyolala mchangani. Ilikuwa kazi ya hewa ya chumvi na unyevu. Nilivisugua taratibu kwa raba nyeupe laini ya penseli, nikapangusa kwa kitambaa kikavu kisichoacha nyuzi, nikairudisha na kuipima usiku kucha. Haikutoa kosa hata moja. Masika yaliyofuata akarudi na ugonjwa uleule, kwa sababu meza ilikuwa bado chini ya dirisha. Tukaihamisha meza.

Kwako wewe nenda hivi, bila haraka, na ufanye siku ambayo wanafunzi si wengi.

Hamisha kwanza kazi zako. Nunua diski ya nje au flashi kubwa, nakili kila kitu kilichoko kwenye Desktop, Documents na popote unapohifadhi barua za watu, kisha fungua mafaili mawili matatu kutoka kwenye hiyo diski kuhakikisha yanafunguka. Kunakili bila kujaribu kufungua hakutoshi. Nimeshaona mtu analia juu ya flashi iliyojaa majina ya mafaili yasiyofunguka.

Halafu fanya jaribio dogo lisilogharimu kitu. Kompyuta ikiwa imewaka, usiizime, bali chagua Restart. Tangu Windows 8, ukizima kwa njia ya kawaida mfumo hauzimiki wote. Sehemu ya ndani huhifadhiwa kwenye diski ili kesho uwake upesi. Restart ndiyo inayofungua kila kitu upya. Ukiona ujumbe unakuja ukiwasha asubuhi lakini hauji baada ya Restart, nijulishe, maana hapo nitashuku draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa kama printa) au huduma (programu inayofanya kazi nyuma bila kuonekana) iliyohifadhiwa ikiwa imeshaharibika, na dawa yake ni nyingine. Ukija mara zote mbili, na nadhani ndivyo itakavyokuwa, tuko kwenye njia sahihi.

Sasa bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la kusimamia kazi. Likiwa dogo lisilo na vichupo, bonyeza kishale cha chini kushoto nalo litatanuka. Kichupo cha nne, Startup, kina orodha ya programu zote zinazoamka pamoja na Windows. Itafute ile ya jina la printa ya zamani, ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, na uizuie (Disable). Usiifute bado, izuie tu. Kisha Restart.

Kama kidirisha hakikuja, mgonjwa amepatikana. Nenda kwenye orodha ya programu zilizosakinishwa, uondoe kila kitu cha printa ile, na mara nyingi utakuta ni vitu viwili au vitatu vyenye jina la kampuni moja. Angalia usije ukaondoa vya printa mpya kama zote mbili ni za kampuni moja. Soma namba ya modeli, usisome jina peke yake. Kisha shika kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, uandike printui /s /t2 na ubonyeze Enter. Hapo utaona draiva zote za printa ambazo kompyuta imeziweka tangu izaliwe. Ya zamani iondoe na hapo pia. Mafundi wengi hawafiki hatua hii, ndiyo maana printa iliyoondoka mwaka jana bado ina mguu ndani ya nyumba.

Ikiwa umeizuia na kidirisha bado kinakuja na jina lilelile, basi inaamshwa na huduma ya nyuma. Shika tena Windows na R, andika msconfig, fungua kichupo cha tatu, Services. Kabla ya kugusa chochote, weka alama kwenye kisanduku cha chini kinachoficha huduma zote za Microsoft. Nakuomba sana usiruke hapo. Ukizima za Microsoft ovyo, utaanza kunitumia maswali ya aina nyingine. Zitakazobaki ni za wengine: printa, antivirusi, programu za simu, na kadhalika. Zima nusu ya juu, kisha Restart. Ujumbe ukipotea, mkosaji yumo kwenye nusu uliyoizima, na ukibaki, yumo kwenye nusu nyingine. Igawe tena nusu hiyo, na tena. Hata zikiwa huduma kumi na sita, kwa kuwasha mara nne utakuwa umemshika. Ukimaliza, zirudishe nyingine zote, hasa antivirusi.

Na ukiwa kwenye ile orodha ya Startup, tupia jicho jambo moja. Steshenari ni njia panda ya flashi za mji mzima, na kila flashi ya mwanafunzi inaweza kuja na mgeni wake. Ukiona kitu kisicho na jina la mchapishaji, chenye jina la herufi zisizoeleweka, na ukifungua mahali faili lilipo ukakuta ni kwenye folda ya Temp au ndani ya AppData, kishuku. Fungua Windows Security uchague ukaguzi wa nje ya mtandao, ule unaowasha kompyuta upya na kukagua kabla Windows haijaamka. Virusi walioandikwa vibaya nao hugonga kiwanja cha sifuri na kuleta kidirisha kama chako. Sidhani ndicho kilichokupata, lakini kwa kazi yako ukaguzi huo ungekuwa wa kila mwezi.

Sasa ile picha yako ya tatu, ya habari za mfumo. Hii imeniuma, Mwalimu, kwa sababu ya pesa yako. Pameandikwa kwamba RAM iliyomo ni GB 8, na inayoweza kutumika ni GB 3.4. Mstari wa chini unasema mfumo ni wa biti 32. Windows 10 ya biti 32 hufikia anwani za GB 4 tu, na sehemu yake huchukuliwa na vifaa kama kadi ya picha. Kwa hiyo ile GB 4 uliyoongeza imekaa ndani humo bila kazi. Haijakudhuru wala haijakusaidia. Fundi angetazama mstari huo kabla ya kukuuzia, na ni jambo la nusu dakika.

Ila usiirudishe wala kuitoa. Mstari huohuo unasema prosesa yako ni ya x64, maana yake mashine inaweza kubeba Windows ya biti 64 na kuzitumia hizo GB 8 zote. Kutoka biti 32 kwenda 64 hakuna njia ya kupandisha juu kwa juu, lazima kupiga Windows upya. Kwa hiyo iko siku maneno ya fundi wa pili yatakuwa na maana, lakini kwa sababu nyingine na kwa utaratibu: kazi zako zikiwa zimeshanakiliwa, draiva ya biti 64 ya printa mpya ikiwa imeshapakuliwa, na wewe umekaa pembeni yake. Ufunguo wako wa Windows 10 unakubalika kwa aina zote mbili. Jua pia kwamba Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haina kabisa toleo la biti 32, hivyo kabla ya kulipia kazi hiyo muulize fundi kama mashine yako inaikubali Windows 11.

Bado najua moyo hautatulia mpaka RAM yenyewe ipimwe, na ni haki yako. Ndani ya Windows kuna kipimo, unaandika mdsched na kompyuta inajiwasha upya kujipima. Kwa mashine yako mimi ningependelea Memtest86+, programu ya bure inayowekwa kwenye flashi na kufanya kazi bila Windows kabisa, hivyo inapima GB zote 8. Mwombe kijana yeyote anayejua kutengeneza flashi ya kuwashia akuwekee. Iache ipime usiku, ukiwa na UPS (betri ya akiba ya umeme ukikatika), maana umeme ukikatika katikati itabidi uanze upya. Asubuhi tazama idadi ya makosa. Inayotakiwa ni sifuri. Makosa mawili si "machache", ni ugonjwa. Yakitokea, usikimbilie duka. Zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kumi kumaliza umeme uliobaki, gusa bati la kasha ili kutoa umeme tuli wa mwilini, kisha toa RAM moja na kuipima iliyobaki peke yake. Halafu badilishana. Kosa likifuata kipande, kipande ni kibovu. Likibaki kwenye nafasi ileile hata ukiweka kipande kizima, ni nafasi ya kwenye madabodi, na RAM mpya isingekusaidia kitu.

Ukilifungua hilo kasha la kompyuta kwa sababu yoyote, tazama vijino kama nilivyokueleza. Ngamiani mko mbali kidogo na maji kuliko Raskazone, lakini hewa ya Tanga ni ileile. Vumbi liondoe kwa brashi laini na kipulizio kikavu. Usiipeleke kwa wanaojaza upepo matairi, upepo wao una maji na mafuta.

Basi anza na kunakili, kisha Startup. Kama kidirisha kitatokea tena baada ya hapo, usikifunge. Kipige picha, hasa utepe wa juu na zile namba mbili, na unipigie picha ya orodha nzima ya Startup. Nitakujibu siku hiyohiyo, Mwalimu.